DENI LA JANA, FEDHA YA LEO: FUNZO KUTOKA UJERUMANI YA MWAKA 1923



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita ndugu mmoja aliniandikia swali ambalo limenikalia moyoni. Anasema mwaka 2009 alimkopesha rafiki yake shilingi laki nane. Kwa wakati ule, anasema, fedha hiyo ilimtosha mtu kununua kiwanja kidogo nje ya mji. Hakumwekea riba wala sharti lolote, alimsaidia kwa ajili ya Allah. Rafiki akakaa na deni miaka yote hiyo. Mwezi uliopita amekuja na laki nane ile ile, kamkabidhi mkononi, kamwambia wamemalizana.

Ndugu yetu anauliza: "Shehe, nikidai zaidi, je, nitakuwa nimekula riba? Na nisipodai, mimi si nimedhulumiwa? Kiwanja kile leo laki nane hainunui hata mlango wa nyumba iliyojengwa juu yake."

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Liliwahi kuulizwa na watu mamilioni kwa wakati mmoja, katika nchi moja ya Ulaya, na jinsi lilivyojibiwa kulichangia balaa lililoifikia dunia nzima. Nimeona tuisome historia hiyo kwanza, kisha turudi kwenye fiqhi. Vuta subira, somo ni refu kidogo.

NENO "HELA" NA MTU MMOJA WA BERLIN

Tuanzie karibu na nyumbani. Neno "hela" tunalolitamka kila siku asili yake ni "Heller", sarafu ndogo ya Wajerumani walipoitawala Tanganyika. Kabla yake rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadilisha, rupia moja ikawa na Heller 100, na watu wa pwani wakaita hela.

Miongoni mwa walioshughulikia mageuzi hayo ya sarafu huko Berlin alikuwa mchumi kijana aliyeitwa Karl Helfferich, mtumishi wa idara ya makoloni. Alikuwa msomi wa mambo ya fedha, na aliyaandikia vitabu. Basi mlishike jina hili. Mtu aliyehusika na hela yetu ndiye baadaye alikuja kukabidhiwa hazina ya Ujerumani nzima wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kabla ya vita hivyo fedha ya Ujerumani, marki, ilikuwa imara. Dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki 4 na senti 20 hivi, na mtu mwenye noti aliweza kwenda benki akapewa dhahabu. Mjane aliyeachiwa urithi aliuweka benki au akanunua hatifungani za serikali, akaishi kwa kipato chake kidogo. Mwalimu, fundi cherehani na karani waliweka akiba ya uzeeni. Sisi tunajua kuwa katika mfumo huo riba ilikuwamo, na hatuihalalishi. Nawaonyesha tu kwamba watu walikuwa wameamini kuwa marki ya leo itakuwa marki ya kesho.

Agosti 1914 vita ikaanza, na serikali ikasimamisha kubadilisha noti kwa dhahabu. Vita ni gharama kubwa. Uingereza ilipandisha sana kodi kupata sehemu ya gharama hizo, lakini Ujerumani ilitegemea zaidi kukopa kutoka kwa wananchi wake. Iliuza hatifungani za vita mara tisa, na jumla yake ikafika karibu marki bilioni 98. Watu walinunua kwa uzalendo. Wanawake walitoa vito vyao vya dhahabu. Helfferich, akiwa mkuu wa hazina, aliliambia Bunge mwaka 1915 kwamba mzigo huo wa mabilioni hatimaye watakuja kuubeba maadui.

Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wajerumani walikopa wakitegemea ushindi. Novemba 1918 wakashindwa. Deni likabaki, na wa kulibeba ni wao wenyewe.

MITAMBO YA KUCHAPA

Mwaka 1919 ukatiwa saini Mkataba wa Versailles, na Mei 1921 washindi wakataja hesabu ya fidia: marki za dhahabu bilioni 132. Wataalamu wanasema sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilikuwa ya maandishi tu, na iliyotarajiwa kulipwa kweli ni kama bilioni 50. Hata hivyo ulikuwa mzigo mzito kwa nchi iliyotoka vitani, yenye wajane, mayatima na majeruhi wa kuwalipa.

Serikali ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuwatoza kodi wenye mali na kubana matumizi. Hiyo ni chungu, na serikali zilikuwa dhaifu, wanasiasa wakiuawa hadharani. Waziri wa mambo ya nje, Walther Rathenau, aliuawa kwa risasi barabarani Berlin tarehe 24 Juni 1922. Njia ya pili ni nyepesi. Serikali inaandika hati kwamba itakuja kulipa, inaipeleka Benki Kuu, na Benki Kuu inachapa noti mpya na kuipa. Hapajazalishwa gunia la ngano wala tani ya makaa, ila noti zimeongezeka. Walichagua hii nyepesi.

Kisha ikaja Januari 1923. Ujerumani ilikuwa imechelewesha shehena za mbao na makaa ya mawe za fidia. Tarehe 11 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia bonde la Ruhr, kitovu cha makaa na chuma cha Ujerumani. Serikali ikawaambia wafanyakazi wa Ruhr wagome, na ikaahidi kuwalipa mishahara wakiwa wamekaa. Itawalipa kwa nini, na viwanda vimesimama? Kwa noti mpya.

Benki Kuu chini ya rais wake, Rudolf Havenstein, ilikodi viwanda vya uchapaji zaidi ya 130, na viwanda zaidi ya 30 vya kutengeneza karatasi, na bado noti hazikutosha. Mwanzoni mwa Januari 1923 dola moja ilikuwa karibu marki 7,000. Ilipofika katikati ya Novemba mwaka ule ule, dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2. Trilioni moja ni milioni moja mara milioni moja. Mkate uliokuwa marki 250 mwezi Januari, mwezi Novemba ulikuwa marki bilioni 200.

Wafanyakazi walilipwa mara mbili kwa siku, wakikimbilia madukani kabla bei haijapanda tena. Watu walibeba mshahara kwa vikapu na matoroli. Noti zilichapwa upande mmoja tu ili kuokoa muda.

NANI ALIPOTEZA, NANI ALIPATA

Hapa ndipo ninapotaka mpatazame vizuri. Mali haikuteketea yote. Nyumba zilikuwepo, mashamba yalikuwepo, viwanda vilikuwepo. Kilichotokea ni kwamba mali ilihama kutoka mikono fulani kwenda mikono mingine, bila ya mtu kuvunja mlango wa mwenzake.

Aliyepoteza ni aliyekuwa anadai. Mjane mwenye hatifungani, mzee mwenye akiba, yatima aliyewekewa urithi wake katika fedha. Piga hesabu mwenyewe: deni lote la hatifungani za vita, marki bilioni 98, ukiligawa kwa trilioni moja, ambayo ndiyo thamani marki za karatasi zilivyobadilishwa mwishoni, unapata chini ya senti kumi za fedha mpya. Taifa zima liliikopesha serikali kwa miaka minne, na serikali iliweza kulifuta deni lote kwa sarafu isiyonunua kipande cha sabuni.

Aliyepata ni aliyekuwa anadaiwa, hasa mkubwa aliyeweza kukopa zaidi. Mpaka Julai 1922 Benki Kuu ilikuwa ikikopesha kwa kiwango cha asilimia 5 kwa mwaka, wakati bei zinakimbia kuliko hivyo kwa mbali sana. Mfanyabiashara mkubwa alikopa, akanunua kiwanda au meli, kisha akalipa deni kwa noti zilizokuwa zimeshakuwa nyepesi. Mashuhuri wao ni Hugo Stinnes, tajiri wa makaa ya mawe, aliyejikusanyia migodi, viwanda vya chuma, meli, mahoteli na magazeti. Alikufa Aprili 1924, na mwaka 1925, fedha ilipokuwa imeshatulia, himaya yake ikaanguka chini ya uzito wa madeni.

Wengi wetu tukisikia dhulma ya deni tunamfikiria mkopeshaji anayemnyonya masikini. Ni kweli, na Allah ametangaza vita dhidi ya riba. Lakini tuisome vizuri aya ya 279 ya Suratul Baqara. Inafunga milango miwili: mwenye kukopesha asidhulumu, na yeye pia asidhulumiwe. Ujerumani ya 1923 ni mfano wa mlango huo wa pili kuachwa wazi.

Na ikumbukeni Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Fedha ni nini kama si kipimo? Muuza duka akipunguza jiwe la mizani kwa gramu kumi tunamwita mwizi. Basi aliyeshika fedha ya taifa zima, akaipunguza mpaka haina uzito, tumwiteje?

WALIMLAUMU NANI

Ndugu zangu, mtu aliyeibiwa na hamjui mwizi wake hukasirika na kutafuta wa kumkamata. Mapema Novemba 1923 katika mtaa mmoja wa Berlin uitwao Scheunenviertel, watu wasio na kazi walikwenda kuchukua posho yao wakaambiwa fedha imekwisha. Ukaenezwa uvumi kwamba Wayahudi masikini waliohamia mtaani hapo kutoka Ulaya Mashariki ndio walionunua fedha yote. Kundi likavamia maduka na nyumba zao, likawapiga na kuwavua nguo barabarani. Siku chache baadaye, tarehe 8 na 9 Novemba, Adolf Hitler akajaribu kuipindua serikali kule München. Akashindwa, akafungwa, akatoka.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu naona katika mitandao yetu watu wanaandika kwamba mambo yote haya ya fedha yalipangwa na Wayahudi. Ndugu yangu Mwislamu, usiubebe uongo huo. Havenstein, Helfferich na Stinnes hawakuwa Wayahudi. Rathenau, aliyeuawa, ndiye aliyekuwa Myahudi. Qur'ani imetufundisha kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine, na kwamba chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye uadilifu. Waliouamini uongo ule waliishia kushiriki au kunyamazia mauaji ya mamilioni ya watu.

FEDHA MPYA, NA SWALI LA WAAMUZI

Mwisho wake ukaja Novemba 1923. Helfferich, yule yule wa hela yetu, alikuwa ametoa pendekezo la fedha inayoegemea thamani ya nafaka ya mikate. Pendekezo lake likarekebishwa, na tarehe 15 Novemba ikatoka fedha mpya, Rentenmark, ikitegemezwa kwa rehani juu ya ardhi na viwanda vya nchi. Rentenmark moja ikawa sawa na marki za karatasi trilioni moja. Siri ya kufaulu kwake haikuwa ardhi, maana hakuna aliyepewa shamba kwa noti yake. Siri ilikuwa mpaka: noti zake ziliwekewa kiwango cha mwisho, na serikali ilipoomba nyongeza Desemba ikakataliwa. Havenstein alikufa tarehe 20 Novemba, siku ile ile marki ilipotulia. Helfferich akafa Aprili 1924 katika ajali ya treni huko Bellinzona, Uswisi. Kila mmoja ameshafika kwa Mola wake na hesabu yake.

Fedha ikatulia. Je, wale waliolipwa kwa makaratasi?

Tarehe 28 Novemba 1923 Mahakama Kuu ya Ujerumani mjini Leipzig ilitoa hukumu juu ya rehani ya kiwanja cha Lüderitz, mji wa pwani ulioko Namibia ya leo. Kabla ya mfumuko mtu alikuwa amekopeshwa marki 13,000 kwa rehani ya kiwanja hicho. Mdaiwa akataka kumaliza deni kwa marki za karatasi na kufunguliwa rehani yake. Kumbukeni mkate ni bilioni 200. Ungehitaji rehani kama hiyo zaidi ya milioni 15 upate mkate mmoja!

Mpaka hapo sheria ilisema marki ni marki. Uliyokopa ndiyo unayolipa, hesabu kwa hesabu. Waamuzi wakasema hapana, sheria hiyo hiyo inawataka watu watimize mikataba kwa uaminifu, na huu si uaminifu. Deni lihesabiwe upya kwa namna ya haki.

Serikali ilitaka kupiga marufuku madeni kuhesabiwa upya, na Januari 1924 chama cha majaji kikaionya hadharani. Ukaja mvutano, na mwishowe sheria ya Julai 1925: rehani zikarudishiwa asilimia 25 ya thamani yake ya zamani, tena malipo yake yakaahirishwa mpaka mwaka 1932. Hatifungani za serikali zikapata asilimia 2.5 tu, na nyongeza kidogo kwa walioshika zao tangu mwanzo. Yaani aliyemkopesha jirani yake akapata robo, na aliyelikopesha taifa lake akapata makombo.

Wenye akiba hawakusahau. Waliviacha vyama walivyokuwa wakivichagua, wakaunda vyama vidogo vya kudai haki zao, na vile vidogo vilipokufa wengi wakaenda kwa wenye kelele kubwa.

KIPIMO KIKIHARIBIKA UPANDE WA PILI

Baada ya 1924 Ujerumani ikafufuka kwa mikopo, mingi kutoka Marekani, na mingi ya muda mfupi inayoweza kudaiwa wakati wowote. Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, wakopeshaji wakaanza kuita fedha zao. Mei 1931 benki kubwa ya Vienna, Creditanstalt, ikatangaza hasara. Julai ikafuata benki ya Ujerumani iitwayo Danatbank, na mabenki yakafungwa.

Kansela Heinrich Brüning, kama Wajerumani wengi, alikuwa bado anaota matoroli ya 1923. Alibana. Alikata mishahara na posho kwa amri za dharura. Bei zikashuka, ujira ukashuka, lakini deni halikushuka. Mkulima aliyekopa marki elfu moja bado alidaiwa elfu moja, wakati nguruwe na ngano yake inauzwa nusu ya bei. Sasa aliyedhulumiwa na kipimo ni mdaiwa. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walipita milioni 6. Katika jimbo la wakulima la Schleswig-Holstein, ambako mashamba yalikuwa yakipigwa mnada, chama cha Hitler kilipata zaidi ya nusu ya kura Julai 1932. Chama hicho nchi nzima kilikuwa na asilimia 2.6 mwaka 1928. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akawa Kansela.

Sisemi mfumuko wa bei peke yake ndio uliomleta Hitler. Sababu zilikuwa nyingi, na miaka kumi ilipita katikati. Ila nchi ambayo watu wake wamedhulumiwa mara mbili ndani ya miaka kumi, mara ya kwanza wanaodai na mara ya pili wanaodaiwa, haibaki na anayeamini neno la serikali, la benki wala la mahakama. Amana ikiondoka, mlango uko wazi kwa kila muongo.

WANAZUONI WETU WALISEMA NINI

Sasa turudi kwetu. Swali la waamuzi wa Leipzig wanazuoni wa Kiislamu waliliuliza zaidi ya miaka elfu kabla yao. Sisemi Wajerumani walichukua kwetu, hapana. Nasema dhulma ni ile ile, na wenye kutafuta haki hukutana nayo.

Al-Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa na kadhi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, alitazama sarafu za shaba zilizokuwa zikipanda na kushuka. Kwa rai yake, thamani ya sarafu hizo ikibadilika, mdaiwa alipe thamani yake ya siku deni lilipofungwa. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wakasema hulipwa mfano wa kilichokopwa, hata kama kimeshuka thamani. Hoja yao ni nzito: ukifungua mlango wa thamani, kila mkopeshaji atadai nyongeza na riba itaingia kwa jina jipya. Al-Rahuni katika Wamalik akaweka mpaka: ikiwa kushuka ni kukubwa mno, hadi anayepokea ni kama amepokea kitu kisicho na manufaa, hapo hutazamwa thamani.

Naye al-Maqrizi, aliyewahi kuwa msimamizi wa masoko wa Cairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15 juu ya njaa na ughali wa Misri. Miongoni mwa sababu alizozilaumu ni watawala kuijaza nchi sarafu za shaba.

Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait likaamua kuwa deni la sarafu hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake, na haijuzu kulifunga deni na kupanda kwa bei. Ndiyo rai ninayoifuata kwa hali zetu za kawaida.

Lakini ziko hali zisizo za kawaida. Ndugu zetu wa Congo hawahitaji kusimuliwa. Oktoba 1993 Zaire ilitoa fedha mpya, na zaire mpya moja ikawa sawa na za zamani milioni 3. Aliyekopesha kabla ya hapo, akarudishiwa hesabu ile ile ya makaratasi, huyo si wa kuambiwa "mmemalizana". Hapo ndipo rai ya Abu Yusuf na ya al-Rahuni zinahitajika, na wanazuoni wakae na pande mbili wafanye sulhu.

JIBU KWA NDUGU YETU

Ndugu yangu uliyeuliza, shilingi yetu tangu 2009 imepungua nguvu, hilo halina ubishi, lakini haijafika ilikofika marki. Kwa hiyo:

Kwanza, huna haki ya kumlazimisha akuongezee. Haki yako ya kisheria ni laki nane. Ukishurutisha nyongeza, unaingia pabaya.

Pili, rafiki yako asidhani amemaliza kila kitu. Ikiwa alikuwa na uwezo akakuzungusha miaka yote hiyo, Mtume wetu (s.a.w.) amekuita huko kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Amtake radhi mwenziwe na amwombe Mola wake msamaha. Na ikiwa kweli alikuwa katika dhiki, basi wewe ulikuwa katika ujira wa kumpa muhula, na aya ya 280 ya Suratul Baqara inakuhusu.

Tatu, mlango wa wema haujafungwa. Mtume (s.a.w.) alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora zaidi, akatufundisha kuwa mbora wetu ni mbora wa kulipa. Nyongeza isiyoshurutishwa, inayotoka kwa mdaiwa mwenyewe kwa hiari yake wakati wa kulipa, si riba, ni ihsani. Rafiki yako akiusoma ujumbe huu, namnasihi: ndugu yako alikupa kiwanja, wewe umemrudishia mlango. Mtazame usoni, ongeza ulichojaaliwa. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya udugu ni kulipa vizuri.

Nne, kwa sisi sote. Deni liandikwe, liwe na muda na mashahidi, kama aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inavyoamrisha. Na anayekopesha kwa muda mrefu akiogopa fedha kupungua, anaweza kukopesha dhahabu yenyewe kwa uzito. Ampe gramu ishirini mkononi, arudishiwe gramu ishirini. Asimpe shilingi kisha akaandika dhahabu, huo ni ujanja, na mlangoni mwake imekaa riba.

Tano, kila aliyeshika amana ya fedha za watu, awe serikalini, awe mweka hazina wa msikiti, awe msimamizi wa mali ya yatima, ajue kwamba kuiacha ipotee nguvu mikononi mwake kwa uzembe ni jambo ataulizwa. Mali ya yatima isilale. Itafutiwe biashara ya halali au ardhi, ikue.

Wajerumani walikuwa watu wa elimu, wenye viwanda, vyuo na mahakama. Hawakuangamia kwa ujinga. Waliona njia rahisi ya kulipa deni, nayo ni kuharibu kipimo, wakaipita. Sisi kila mmoja ana kipimo kidogo mkononi mwake, deni analodai au analodaiwa. Tuanzie hapo.

Ewe Mola wetu, tulipie madeni yetu, tutosheleze kwa halali Yako tuepukane na haramu Yako, na utujaalie kuwa waaminifu tunapodai na tunapodaiwa. Aamiin.

Wallahu a'lam. Aliye na swali aandike hapa chini, na aliye na deni aanze kwa kumpigia simu mwenye haki yake leo hii, inshaAllah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.